Mavuno ya Pili ya Mrumi

Ijumaa jioni, Kikuyu, hapa Dodoma. Julai inaishia.

Upepo umevuma tangu asubuhi, ule wa Julai unaoingiza vumbi hadi ndani ya kabati lililofungwa. Baridi ya sweta mbili. Nilifua mashuka yakakauka kwa saa moja, na nilipoyaanua yalikuwa na rangi ya udongo wa barabarani. Wala sikukasirika. Leo sina ugomvi na kitu chochote.

Nimelala mchana, shajara. Kuanzia saa nane hadi saa kumi na moja, mdomo wazi, bila ndoto.

Wiki mbili nzima nilikuwa silali hivyo. Sikukuandikia kwa sababu nilijua nikishika kalamu nitasema ukweli, na ukweli ndio niliokuwa nikiukimbia. Sasa umeshasemwa mbele za watu, kwa hiyo nauweka na hapa.

Kwa anayepita kwenye blogu hii kwa mara ya kwanza: mimi ni mwalimu wa historia wa sekondari, nina miaka arobaini na mmoja, na kwa miaka mitano nimekuwa nikisomea shahada ya uzamivu katika maandishi ya Kilatini, mashairi na nathari za enzi za makaisari wa mwanzo. Najua unachotaka kuuliza. Nusu ya Dodoma imeshaniuliza kama nataka kuwa padri. Kilatini nilikipata utawani, nilikokaa miaka mitatu nikijiandaa kuwa sista, mpaka nilipogundua kwamba nilichokipenda ni vitabu vya masista na si maisha yao. Niliondoka na sanduku moja na kamusi ya Kilatini.

Tasnifu yangu inahusu mizabibu. Washairi waliosifu divai ya matajiri waliowalisha, mabwana walioandikiana barua za kulalamikia mavuno, na zaidi ya wote mwandishi mmoja wa kilimo wa karne ya kwanza, aliyeeleza kazi za shamba hatua kwa hatua kama mtu anayemfundisha mkwe asiyejua kitu. Huyo nilimpenda tangu ukurasa wa kwanza. Mimi ni mtoto wa zabibu. Mama yangu analima Hombolo, na nilipomkuta mtu wa miaka elfu mbili iliyopita akizozana na vibarua wanaokata vibaya, nilimsikia mama yangu kabisa.

Sasa sikiliza kosa lenyewe.

Mahali fulani mwandishi huyo anasema kuna nyakati mbili za kupogoa mzabibu: mmoja kabla haujachipua, mwingine baada ya mavuno, majani yanapoelekea kupukutika. Mtu wa Dodoma akisikia hivyo hana swali la kuuliza. Sisi tunapogoa mara mbili kwa mwaka na tunavuna mara mbili, kwenye mwezi wa tatu hivi, halafu tena kuanzia Agosti. Ukiupogoa mzabibu wetu, unaamka na kuzaa. Kwa hiyo niliposoma kupogoa kuwili niliona mavuno mawili, na wala sikujua kwamba nimeongeza kitu kwenye maandishi ya mtu.

Nikajenga sura ya tatu yote juu ya hilo. Kurasa arobaini. Nilidai kwamba kwenye mashamba ya joto Warumi walivuna mara mbili, na kwamba wasomi wa Ulaya wamelipita jambo hili vizazi na vizazi kwa sababu hakuna hata mmoja wao aliyewahi kushika mkasi wa kupogolea. Sentensi hiyo niliiandika hivyohivyo ilivyo. Niliipenda mno. Nilikuwa nikiitamka kwa sauti huku nasonga ugali.

Baada ya hapo kila kitu kiligeuka kuwa ushahidi. Mshairi akisifu pishi la bwana wake kwamba halikauki, mimi naandika: mavuno ya pili hayo. Mwenye shamba akilia kwenye barua kwamba mwaka umemtupa, naandika: bila shaka mavuno ya pili yamekataa.

Na cha aibu zaidi ni hiki. Sentensi inayofuata katika kitabu kile inasema kwamba wakati wa kupogoa huchaguliwa kufuatana na mahali, kama pana baridi au pana joto. Niliisoma mara nyingi sana. Kila mara niliielewa kwa namna iliyonifurahisha: penye baridi wanavuna mara moja, penye joto mara mbili. Haikunipitia kichwani kwamba mtu yule alikuwa anasema chagua mmoja tu.

Msimamizi wangu, Profesa Chilewa, naye ana shamba lake la zabibu upande wa Mpunguzi. Aliisoma sura ya tatu akaandika pembeni, kwa wino mwekundu, "Safi sana!" Tulikuwa wawili tunasoma Kilatini huku mashamba yetu yamekaa katikati ya macho na karatasi.

Jumamosi ya wiki mbili zilizopita nilikwenda Hombolo. Tasnifu ilikuwa imeshapelekwa kwa watahini na siku ya kuitetea imeshapangwa, nami nilikwenda kujisifu, niseme tu. Nilimkuta mama shambani, anapita mstari kwa mstari akitazama vishada vilivyoanza kubadilika rangi, anang'oa jani hapa, anasonya pale. Nikamsimulia yote nikimfuata nyuma. Nikamwambia nimegundua kwamba Warumi nao walikuwa wanavuna mara mbili kama sisi.

Mama hakugeuka.

"Huko si ndiko kuna barafu? Padri mzee alikuwa akisema mzabibu wa kwao unalala. Baridi ikija unatupa majani yote, unakuwa kama fimbo, miezi na miezi. Alipofika hapa akaona unazaa mara mbili, akashangaa mpaka akapiga ishara ya msalaba."

Mama alikuwa mpishi wa mapadri kabla sijazaliwa. Hadithi za padri mzee nimezisikia tangu utoto, jinsi alivyokuwa hali bamia na jinsi alivyoogopa mijusi, lakini hiyo sijui kwa nini sikuwahi kuisikia, au niliisikia nikaitupa.

"Sasa fimbo itazaa nini?" akauliza, akaendelea na mstari wake.

Nilisimama pale katikati ya mizabibu, jua kali na upepo wa baridi. Mimi nilijua kwamba Ulaya kuna theluji. Nimefundisha hivyo darasani, nimechora ramani ubaoni. Sikuwahi tu kuichukua ile theluji na kuimwaga juu ya mzabibu.

Nilirudi mjini, nikafungua kitabu, nikaisoma ile sentensi ya pili. Ilikuwa wazi kabisa. Hata mtoto angeielewa.

Nitakiri yote, maana ndicho kilichonileta hapa. Wazo langu la kwanza halikuwa kusahihisha. Wazo langu la kwanza lilikuwa: nani atajua?

Nilihesabu jopo. Mwenyekiti ni mtu wa hapahapa, Mgogo mwenzangu. Wajumbe wawili ni wa historia na hawajui Kilatini. Msimamizi alishaweka "Safi sana" yake. Alibaki mmoja tu, mtahini wa nje, Padri Haule, mzee aliyefundisha Kilatini seminarini maisha yake yote huko kusini. Huyo ndiye niliyemwogopa. Kila nilipofumba macho nilimwona anafungua ukurasa wa sura ya tatu na kuvua miwani.

Mume wangu, Emanuel, ni fundi wa kuchomelea mageti Kizota. Nilimweleza siku ya tatu, baada ya kuniuliza kwa nini nimeweka chumvi kwenye chai. Alisikiliza vizuri, halafu akasema, "Mama Furaha, nyamaza. Tetea, wakupe cheti chako, halafu ukosoe ukiwa daktari. Daktari akijikosoa wanampigia makofi." Nilimkasirikia siku nzima. Nilimkasirikia kwa sababu ndivyo hasa nilivyokuwa nimepanga kufanya, na kusikia mpango wangu ukitoka mdomoni mwa mtu mwingine kulinifanya niuone ulivyo.

Jumatatu iliyofuata nilikwenda ofisini kwa Profesa Chilewa. Nilimwekea kitabu mezani, kidole kwenye ile sentensi, nikamwambia asome taratibu. Akasoma. Akainuka akafunga dirisha, eti vumbi. Akarudi akasoma tena.

"Na mimi nilipitisha," akasema.

Hakupaza sauti, afadhali angepaza. Aliniambia kwamba ameshaizungumzia sura ile kwenye mkutano wa wasomi, mbele ya wageni, kwa fahari, akiniita mwanafunzi wake. Nilitamani sakafu inimeze. Kisha akanieleza njia zilizopo. Naweza kuomba tasnifu irudishwe, na hapo nitasubiri mwaka au zaidi, na ruhusa yangu ya masomo kutoka shuleni inaisha Desemba. Au naweza kusimama mbele ya jopo nikaeleza mwenyewe kabla hawajauliza, na jopo lina haki ya kuniangusha palepale, maana sura hiyo ndiyo nguzo ya kazi nzima.

"Au unyamaze," akasema akitazama meza. "Sitakuambia unyamaze. Lakini jina lililoko kwenye jalada ni lako, amua wewe."

Nilitoka nikiwa na hasira naye pia. Nilitaka aniamulie.

Sitadanganya kwamba niliamua kwa ujasiri. Niliandika kurasa mbili za kukiri nikazifuta, nikaandika tena, nikafuta. Kilichonishinda mwisho ni kitu kidogo. Nilikuwa najizoeza utetezi mbele ya kioo, nikafika kwenye ile sentensi yangu tamu ya wasomi wasioshika mkasi, na sikuweza kuitamka. Ulimi ulikataa. Nilijaribu mara tatu, ikabaki kooni kama mwiba wa samaki. Nikaona kwamba hata nikiamua kudanganya sitaweza, nitatetemeka na kuharibu vyote, uongo na ukweli. Basi nikachapa zile kurasa mbili na sikuzifuta tena.

Jana, Alhamisi, saa tatu asubuhi.

Mama alikuja. Sikumwalika, nilimtajia tu siku kwenye simu, naye akatokea mlangoni na kitenge kipya na viatu vya kanisani, akaenda kukaa kiti cha nyuma kabisa, pochi mapajani. Emanuel alikuja na mikono iliyosuguliwa hadi ikawa myekundu. Wajumbe wakaingia na majoho yao. Padri Haule alikuwa mfupi kuliko nilivyomwota, ana kikohozi, na nakala yake ya tasnifu imejaa vipande vya karatasi vilivyochomoza pembeni. Niliviona vile vipande nikajua kwisha habari yangu.

Mwenyekiti akaniruhusu kuanza. Nikasema kabla ya kuwasilisha naomba kusoma kurasa mbili.

Nikasoma. Nilisema kwamba dai la sura ya tatu si kweli. Nilisema nimempa mwandishi mavuno ambayo hakuwa nayo, kwa sababu nilimsoma kana kwamba shamba lake liko Hombolo. Nilisema washairi na wale waandishi wa barua niliowakokota kuwa mashahidi hawakushuhudia kitu. Nilisema nilichoandika kuhusu wasomi waliotangulia kilikuwa kiburi, na ninakifuta. Nikanywa maji katikati, nikamaliza.

Mabati ya paa yalikuwa yanalia kwa upepo.

Padri Haule alikohoa, akafungua nakala yake kwenye kipande cha kwanza cha karatasi, akatazama, akafunga. Akasema, "Mwenyekiti, mimi nina tatizo. Ripoti yangu nimeshaiandika. Inasema sura ya tatu ndiyo bora kuliko zote."

Hakuna aliyecheka mwanzoni.

"Mimi ni mtu wa kahawa," akaendelea. "Zabibu nazijua zikiwa ndani ya kikombe cha misa. Nilisoma nikajiambia, hawa watu wa Dodoma wanajua wanachosema, mimi ni nani nibishe? Ile sentensi ya pili niliiona. Nikadhani hainihusu."

Hapo mwenyekiti alishindwa, akacheka, na wengine wakafuata, na Profesa Chilewa akafuta macho kwa mkono wa joho.

Mimi sikucheka. Nilikuwa bado nalisikia lile neno bora. Ningepita, shajara. Ningenyamaza, ningepita, tena ningesifiwa, na uongo wangu ungekaa maktabani na jalada gumu.

Nilitegemea niumie kwa kulijua hilo. Kuna sehemu ndogo yangu iliumia kweli, sikatai, sehemu ileile iliyokuwa inatamka sentensi tamu jikoni. Lakini sehemu kubwa ilikuwa imeshatua mzigo na haikutaka kuuinua tena, hata kama mzigo wenyewe ni sifa.

Walinihoji kwa saa mbili. Walinikaba sana kwenye sura ya pili, na niliona raha kukabwa kwa jambo ninaloweza kulisimamia. Kisha wakatutoa nje, tukasimama kwenye korido, Emanuel akinishikia mkoba kama vile mimi ni mgonjwa. Walipotuita ndani mwenyekiti alisoma: nimefaulu, kwa sharti la kuiandika upya sura ya tatu ndani ya miezi sita, na sura hiyo ieleze wazi kosa lilivyotokea na lilivyogunduliwa. Padri Haule ndiye aliyeomba hilo la mwisho. Alisema wanafunzi wake wanapaswa kulisoma.

Nilikaa chini bila kuambiwa.

Halafu mwenyekiti akauliza ni mtaalamu gani aliyenifumbua macho, ili jina lake liingie kwenye kumbukumbu. Nikageuka nikanyoosha mkono kwenye kiti cha nyuma. Mama akatazama nyuma yake, akakuta ukuta.

"Mbukwenyi, mama," mwenyekiti akamsalimu kwa Kigogo, ameinuka na joho lake lote. Padri Haule akaenda mpaka kule nyuma, akavuta kiti, akaanza kumuuliza habari za mzabibu. Walikaa pale muda wote tuliokuwa tunakunywa soda. Nilipita nikamsikia mama akimkaripia kwa sababu alifikiri mzabibu unamwagiliwa kila siku.

Hayo ni ya jana. Leo asubuhi nimelifungua faili, nimezichagua zile kurasa arobaini, nimezifuta. Nilikaa nikisubiri majonzi, hayakuja, nikaenda kufua mashuka.

Nilipoamka jioni hii nimeandika mstari mmoja tu wa sura mpya, nao ni tanbihi. Jina la mama, kamili, na neno "Hombolo". Nilimpigia simu kumwambia kwamba jina lake litakuwa kwenye kitabu cha chuo. Akauliza kama wataliandika vizuri. Nikamwambia nitaliandika mwenyewe.

Kisha akaniuliza, bila mzaha wowote, "Na yule mzee wa Kirumi uliyemsingizia, umemwomba radhi?"

Nikacheka. Nikamwambia mama, yule amekufa miaka elfu mbili.

"Marehemu ndiye anayeombwa radhi zaidi," akasema, "hawezi kujitetea." Akakata simu, ana mbuzi wa kufungia.

Nimekaa nikiliwaza hilo. Miaka mitano nimekula na kulala na yule mtu. Nimemlisha maneno, nimemvunisha zabibu katikati ya theluji, nimemtumia kuwatukana wenzake. Jana niliomba radhi kwa mwenyekiti, kwa jopo, kwa msimamizi, kwa wasomi wa Ulaya ambao hata hawanijui. Yeye sikumtaja.

Kwa hiyo sasa hivi nimefungua kitabu kwenye ukurasa ule. Nimeweka kiganja juu yake ili upepo wa dirishani usiupeperushe. Nimemwambia kwa sauti, kwa Kilatini chake, polepole ili nisikosee tena, kwamba nilimsikia vibaya, kwamba kosa lilikuwa langu, na kwamba kuanzia sasa nitamuuliza kwanza kwao kukoje kabla sijamwambia anavuna nini. Yalikuwa maneno machache. Koo halikukwama.

Emanuel yuko jikoni anakaanga dagaa. Amesikia Kilatini, akadhani nasali.

Ameitikia, "Amina."